Skrini Sitini, Faili Moja: Kutengeneza na Kusimamia Skrini kwenye Figma

Skrini sita hazihitaji utaratibu. Unaziona zote kwa mtazamo mmoja, na hata zikibaki na majina ambayo programu imezipa yenyewe, hakuna anayepotea. Kazi huanza kuchafuka zinapofika thelathini, arobaini, sitini. Skrini ya kuingia ina nakala nne na hakuna anayekumbuka ipi iliyoidhinishwa. Ukibadilisha rangi ya kitufe, inabidi ukisake popote kilipo. Mtengenezaji wa programu anauliza ukurasa fulani unaonekanaje ukiwa hauna taarifa, nawe hukuwahi kuuchora.

Hapa natumia Figma, programu ya kusanifu mwonekano wa aplikesheni na tovuti, kwa kuwa inafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote na ina kiwango cha bure kinachomtosha anayejifunza. Anayetumia Penpot, ambayo ni ya chanzo huria, atakuta mengi ni yale yale, ila kule fremu, yaani kisanduku kinachobeba skrini moja, inaitwa bodi na huanzishwa kwa herufi B. Sketch ni ya watumiaji wa Mac, nayo inafuata wazo hilohilo. Adobe XD simshauri anayeanza leo, kwa sababu Adobe wenyewe wameacha kuiendeleza. Mikato ya kibodi nitakayotaja ni ya Windows. Kwenye Mac weka Command badala ya Ctrl na Option badala ya Alt.

Ili tuwe na kitu cha kushika, tuchukulie unasanifu aplikesheni ya maktaba: mtu anaingia, anatafuta kitabu, anasoma maelezo yake, anakiazima, kisha anaangalia tarehe ya kukirudisha.

Hatua ya 1: Andika orodha ya skrini kabla ya kuchora

Karatasi inatosha. Orodhesha skrini kuu: kuingia, orodha ya vitabu, maelezo ya kitabu, uthibitisho wa kuazima, vitabu nilivyoazima. Ni tano tu, na hapo ndipo wengi huridhika. Sasa rudi juu na kwa kila skrini jiulize maswali haya: ikiwa tupu inaonekanaje? Ikiwa bado inapakia? Mtandao ukikatika? Mtu akikosea kujaza? Vitu vikizidi, orodha ikawa ndefu kuliko skrini?

"Vitabu nilivyoazima" peke yake inazaa hali nne au tano. Ipo ya mtu ambaye hajawahi kuazima, ya mwenye vitabu viwili, ya aliyepitisha tarehe ya kurudisha, na ya aliyefungua aplikesheni akiwa hana mtandao. Hizi ndizo skrini zinazosahaulika, na ndizo watumiaji hukutana nazo siku ya kwanza. Mtu aliyejiunga leo hana kitabu hata kimoja, kwa hiyo kitu cha kwanza atakachoona ni ukurasa mtupu. Usipousanifu wewe, utasanifiwa na yeyote atakayekuwa anaandika msimbo usiku wa manane.

Ukimaliza una orodha ya skrini kumi na tano hadi ishirini kwa aplikesheni ndogo kabisa. Hiyo ndiyo idadi halisi, na ni bora uijue mapema.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kimoja cha kuanzia

Bonyeza F. Upande wa kulia itatokea orodha ya vipimo vya simu, tableti na kompyuta. Unaweza kubofya kimojawapo, au kuburuta kipanya kwenye turubai, yaani eneo la kuchorea, kisha ukaandika upana na urefu mwenyewe kwenye paneli.

Vipimo hivyo si pikseli halisi za kioo cha simu. Kioo cha iPhone 15 kina pikseli 1179 kwa 2556, lakini unaisanifia kwenye fremu ya 393 kwa 852, kwa kuwa kila nukta moja ya usanifu inachorwa kwa pikseli tatu kwa upana na tatu kwa urefu. Android nayo ina kipimo chake, dp, ambapo dp 1 ni sawa na pikseli 1 kwenye kioo chenye nukta 160 kwa inchi. Ukichora kwenye fremu ya 1179, maandishi unayoyaona makubwa kwenye kompyuta yatakuwa hayasomeki kwenye simu, na hakuna atakayeweza kutumia vipimo vyako.

Anza na upana wa 360, hasa kama hujui watumiaji wako wana simu gani. Simu nyingi za Android zina upana huo, na kinachoenea kwenye 360 kitaenea kwenye 393 na 412. Kinyume chake si kweli: mpangilio uliobanwa vizuri ndani ya 412 hupasuka mara tu unapoupunguza. Kwa tovuti, fremu ya kompyuta yenye upana wa 1440 ni ya kawaida, lakini kumbuka kivinjari kinachukua sehemu ya juu ya kioo, kwa hiyo usiweke kitufe muhimu chini kabisa ya fremu ukidhani kitaonekana bila kuteremsha ukurasa. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka ukurasa wa tovuti usomeke hata kwenye upana wa 320 bila kulazimika kuuvuta kushoto na kulia. Fremu moja ya 320 ya kujaribia haigharimu kitu.

Usichore kila skrini kwa kila simu. Kwa aplikesheni, upana mmoja wa simu unatosha, kisha skrini chache muhimu kwa tableti. Material Design, mwongozo wa usanifu wa Google, inagawa upana hivi: chini ya dp 600 ni simu, 600 hadi 839 ni wa kati, na kuanzia 840 ni mpana. Mipaka hiyo ndiyo mahali ambapo mpangilio unapaswa kubadilika kweli, kwa mfano orodha na maelezo ya kitabu kukaa bega kwa bega. Kati ya mipaka hiyo kinachobadilika ni nafasi tu, na hilo tutaliachia programu ilifanye yenyewe.

Hatua ya 3: Tumia fremu, si kundi

Figma ina njia mbili za kukusanya vitu pamoja, na zinafanana mno kwa macho. Ctrl + G inatengeneza kundi, na Ctrl + Alt + G inazungushia fremu vile ulivyochagua. Kundi halina ukubwa wake. Linafuata vilivyomo ndani, ukisogeza kimoja nalo linanyooka. Fremu ina upana na urefu wake, inaweza kukata kinachotokeza nje, kuwa na gridi yake, kuteremshwa kwa kidole, na kuamua vilivyomo vifanye nini ukubwa unapobadilika.

Kwa hiyo kila skrini ni fremu, na kila sehemu ya skrini inayojitegemea ni fremu ndani ya fremu: kichwa cha juu, kisanduku cha kutafutia, orodha, menyu ya chini. Makundi yabakie kwa vitu vidogo kama vipande vya mchoro.

Hatua ya 4: Ipe skrini jina siku hiyohiyo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mfumo wa majina unaofaa una namba ya mtiririko, jina la skrini na hali yake. Kwa mfano:

01.1 Kuingia / kawaida
01.2 Kuingia / nenosiri si sahihi
02.1 Orodha / inapakia
02.2 Orodha / imejaa
02.3 Orodha / hakuna matokeo
05.1 Nilivyoazima / tupu

Mkwaju huo, yaani alama ya /, una kazi. Ukihamisha skrini nje ya Figma kama picha, unageuka kuwa folda, na hali zote za Orodha zitakaa mahali pamoja. Kama tayari una skrini nyingi zisizo na majina, zichague kwa pamoja na ubonyeze Ctrl + R. Dirisha litakalofunguka linakuruhusu kubadilisha majina yote kwa mpigo na kuongeza namba zinazopanda.

Usiandike "mwisho" au "mpya" kwenye jina. Kesho itakuja nyingine mpya zaidi. Hali ya idhini ina mahali pake, nitafika huko.

Majina ya matabaka ya ndani, yaani vitu vinavyounda skrini, nayo yana faida yake, hasa ukitaka mwondoko kati ya skrini mbili. Mwondoko erevu wa Figma (Smart animate) hulinganisha matabaka kwa majina na mahali yalipo kwenye mpangilio. Jalada la kitabu likiitwa "jalada" kwenye orodha na vilevile kwenye ukurasa wa maelezo, litakua taratibu kutoka dogo hadi kubwa. Majina yakitofautiana, litafifia hapa na kutokea pale.

Hatua ya 5: Weka gridi

Chagua fremu, nenda kwenye sehemu ya gridi upande wa kulia, ongeza safu wima. Kwa simu ya upana wa 360, safu 4, pambizo ya 16 kila upande na mwanya wa 16 kati ya safu hukupa safu zenye upana wa 70 kila moja. Kwa kompyuta, safu 12 ni desturi. Ihifadhi gridi hiyo kama mtindo ili uitumie kwenye skrini zote, maana kuiandika upya kila mara ndiko kunakoleta pambizo ya 16 hapa na 18 pale.

Nafasi kati ya vitu ziende kwa 8: yaani 8, 16, 24, 32, na 4 pale panapobana. Ukishikilia Shift na kubonyeza kishale, Figma husogeza kitu kwa 10. Ingia kwenye mapendeleo ubadilishe iwe 8. Ni sekunde chache tu, na itakuondolea namba za ajabu ajabu kwenye faili zima.

Hatua ya 6: Ifundishe skrini kubadilika

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo skrini inapoacha kuwa picha.

Njia ya kwanza ni kushikiza kitu kwenye kingo za fremu (Constraints). Kila kitu unachoweka kimeshikizwa kushoto na juu, usiposema vingine. Fremu ikipanuka, kinabaki kilipokuwa. Chagua kichwa cha juu ukishikize kushoto na kulia kwa pamoja ili kinyooke. Menyu ya chini ishikizwe kushoto, kulia na chini. Kitufe kinachoelea kishikizwe kulia na chini. Halafu vuta ukingo wa skrini kutoka 360 hadi 412 uone. Kitu chochote kinachoacha pengo au kufunika kingine kimeshikizwa vibaya. Ukitaka kubadilisha ukubwa wa fremu bila vilivyomo kuguswa, shikilia Ctrl wakati unavuta.

Njia ya pili ni mpangilio otomatiki (Auto layout): chagua vitu, bonyeza Shift + A. Fremu sasa inavipanga yenyewe, kwa mlalo au kwa wima, ikiacha nafasi uliyoiandika. Ukiongeza kitabu kwenye orodha, vingine vinashuka. Ukikifuta, vinapanda. Hutasogeza kitu kwa mkono tena.

Kila kilichomo ndani ya mpangilio huo kina tabia tatu za ukubwa, na kuzielewa ni nusu ya kazi nzima. Kinaweza kukumbatia yaliyomo, yaani kuwa kikubwa kwa kadiri ya maandishi yake. Kinaweza kujaza nafasi iliyopo. Au kinaweza kuwa na kipimo kisichobadilika. Kitufe cha "Azima" kinakumbatia. Mstari wa kitabu kwenye orodha unajaza upana na kukumbatia urefu. Picha ya jalada ina kipimo kisichobadilika. Kichwa cha kitabu kinajaza upana uliobaki na kukumbatia urefu, ili kikiwa kirefu kishuke mstari wa pili badala ya kupenya chini ya kitufe.

Jaribu kwa maandishi halisi. Wasanifu wanapenda kuweka kitabu chenye jina la maneno mawili, kila kitu kikae sawasawa. Weka jina la maneno kumi na mawili, na mwandishi mwenye majina manne. Kama aplikesheni itatafsiriwa, weka neno refu kuliko yote kwenye kitufe. Kama mstari unastahimili hayo, utastahimili mengine.

Kitu kinachopaswa kukaa juu ya vingine ndani ya mpangilio otomatiki, tuseme alama nyekundu ya "imechelewa" kwenye kona ya jalada, kiwekee nafasi huru ili kisihesabiwe kwenye foleni.

Hatua ya 7: Kinachojirudia kifanye komponenti

Kichwa cha juu, menyu ya chini, mstari wa kitabu, kitufe, kisanduku cha kuandikia: chagua kila kimoja na ubonyeze Ctrl + Alt + K. Hapo kinakuwa komponenti mama, na kila nakala utakayoitoa itafuata mabadiliko yake. Ukibadilisha rangi ya mama, skrini zote sitini zinabadilika. Nakala inaweza kuwa na maandishi yake na picha yake bila kukata uhusiano.

Hali za kitufe, yaani kawaida, kimebonyezwa, hakifanyi kazi, zikusanye kama sura tofauti (Variants) za komponenti moja badala ya komponenti tatu zisizojuana. Komponenti mama ziwe kwenye ukurasa wao ndani ya faili, zisichanganyike na skrini, maana mtu akifuta skrini ya zamani anaweza kuondoka na mama bila kujua.

Skrini nzima usiifanye komponenti. Inaonekana ni ujanja, lakini utaishia na mama mwenye sura ishirini asiyeguswa na mtu kwa hofu. Na ukijikuta unazitenganisha nakala na mama yao kila mara, tatizo liko kwenye komponenti yenyewe, irekebishe hiyo.

Hatua ya 8: Panga turubai

Turubai ya Figma ni pana kiasi kwamba inashawishi kutupa vitu popote. Weka kanuni moja: mtiririko uende kulia, hali za skrini hiyohiyo zishuke chini. Hivyo ukisoma mlalo unafuata safari ya mtumiaji, ukisoma wima unaona yote yanayoweza kutokea kwenye skrini moja. Acha nafasi ya kama 100 kati ya skrini. Mpangilio huu haukupendezeshi macho tu. Unapotoa fremu kama PDF, Figma hufuata zilivyokaa kwenye turubai, na skrini zilizotawanyika hutoka na kurasa zilizovurugika.

Bonyeza Shift + S uzungushie kila mtiririko eneo lake lenye jina: "Kuingia", "Kutafuta na kuazima". Eneo likihamishwa, skrini zake zinakwenda nalo.

Idhini nayo ina mahali pake, ambapo ni kurasa za faili. Ukurasa wa Kazi ndiko unakovurugia mambo. Ukurasa wa Tayari unapokea tu skrini zilizokubaliwa. Komponenti zina ukurasa wao, na Kumbukumbu hupokea zilizokataliwa, kwa kuwa wazo lililokataliwa leo huulizwa tena baada ya mwezi. Skrini inapohama kutoka Kazi kwenda Tayari, ihamishe, usiinakili. Nakala ndiyo mwanzo wa swali la "ipi ni yenyewe?" Ukihitaji kurudi nyuma, historia ya matoleo ipo, na unaweza kulipa toleo jina kabla ya mabadiliko makubwa.

Kutembea ndani ya faili kubwa: Shift + 1 inaonyesha kila kitu, Shift + 2 inakusogeza karibu na ulichochagua, na N inakupeleka fremu inayofuata.

Hatua ya 9: Unganisha skrini

Fungua upande wa kuunganisha (Prototype) kwa Shift + E. Ukichagua kitufe utaona kiduara kwenye ukingo wake. Kiburute hadi skrini inayofuata. Weka mahali pa kuanzia kwenye skrini ya kwanza ya kila mtiririko na ulipe jina. Kishale cha kurudi usikiunganishe na skrini fulani. Kipe amri ya kurudi, ili kimrejeshe mtu alikotoka, popote pale. Dirisha dogo la "Una uhakika?" lifungue juu ya skrini iliyopo badala ya kuchora skrini nzima upya.

Orodha ndefu haitateremka mpaka mambo mawili yatimie: yaliyomo yawe marefu kuliko fremu, na fremu hiyo iwe imeruhusiwa kuteremka kwa wima. Menyu ya chini ifanye ibaki mahali pake wakati wa kuteremsha, la sivyo itapanda na vitabu.

Kisha fungua kwenye simu halisi kupitia aplikesheni ya Figma. Kwenye kompyuta kila kitufe kinabofyeka, kwa sababu ncha ya kipanya ni ndogo. Kidole ni kinene. Apple wanapendekeza eneo la kugusa lisipungue nukta 44 kwa 44, Google wanasema dp 48 kwa 48. Aikoni yenyewe inaweza kuwa 24, mradi fremu inayoizunguka ifikie kipimo hicho.

Hatua ya 10: Kabidhi

Pitia ukurasa wa Tayari kwa N, skrini baada ya skrini. Futa matabaka yaliyofichwa, kwani mtengenezaji hajui kama yamesahaulika au yana maana. Kagua utofauti wa rangi: WCAG inataka angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa, na maandishi ya kijivu juu ya kijivu hafifu ndiyo hushindwa mara nyingi. Aikoni zitoe kama SVG, aina ya faili la mchoro lisilopoteza ubora likikuzwa. Picha zitoe kwa ukubwa wa mara 1, 2 na 3.

Andika maelezo mafupi pembeni ya skrini pale ambapo mchoro hauwezi kusema, kwa mfano "orodha inapakia vitabu 20 kwa mara moja" au "ujumbe huu unatoweka baada ya sekunde 4". Maelezo hayo yaweke nje ya fremu, ndani ya eneo lilelile, yasije yakatoka kwenye picha.

Na maombi ya mabadiliko yakija baada ya hapo, maana yatakuja, badilisha komponenti mama kwanza, kisha bonyeza N tena uzipitie zote. Skrini isiyobadilika ni ile ambayo mtu alitenganisha nakala yake. Badilisha kipande hicho kwa nakala mpya ya mama kabla ya kumjulisha mtengenezaji kwamba kazi iko tayari.